Redio, Mshika Kamba wa Shemeji Yake

Mtaani kwetu anaitwa Redio. Wageni wakisikia jina hilo hudhani ni mmbea, wakaanza kumfichia mambo yao. Sivyo. Ni mama mtaratibu, tunasali naye kikundi kimoja, na la mtu halimtoki mdomoni. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi yake.

Redio ameajiriwa na idara ya maji ya mji, upande wa maji taka. Mnazijua zile chemba, mashimo ya katikati ya barabara yenye mifuniko mizito ya chuma. Bomba la huko chini likiziba, mtu hufungwa mkanda kifuani, mkanda ukafungwa kamba, akashuka kwa ngazi za chuma mpaka kwenye uchafu wenyewe na kuzibua kwa fito na mikono. Redio hashuki. Yeye husimama mdomoni mwa shimo ameshika kamba, na tangu mtu anaposhuka mpaka anapotoka, anaongea. Ataongea bei ya nyanya, ataongea goti lake linalomsumbua, ataongea ndoto aliyoota. Kila baada ya maneno machache anauliza, "Upo?" na wa chini anavuta kamba mara mbili. Asipovuta, anatolewa hapohapo, hata kama alikuwa amejisahau tu.

Na wa chini ni shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja. Ni mtu mfupi wa mabega mapana, mcheshi. Tumezoea kumwita Chura na mwenyewe anaitika.

"Shemeji, upo? Mbona unakawia, au umeoa mke mwingine huko?"

"Nimeoa!" sauti inapanda kama inatoka ndani ya pipa. "Na hana maneno mengi kama ukoo wenu!"

Wapita njia wanacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, mpaka siku Redio aliponieleza kwa nini haachi kuongea. Tulikuwa tumetoka kwenye sala, tumekaa benchi la nje, anajikanda goti.

"Mwenzangu, mimi naongea kwa hofu," akasema. "Nikinyamaza nasikia moyo wangu, na moyo wangu unaniambia mabaya."

Akanisimulia alivyoianza kazi. Zamani alikuwa mfagiaji wa barabara, na kamba ya Chura ilikuwa ikishikwa na jamaa mmoja mwenye kifua cha mbao. Siku moja jamaa akapigiwa simu, akaifunga kamba kwenye bampa la gari na kwenda kuongea pembeni. Chura akavuta, hakuna wa kumjibu. Akavuta tena, kimya. Akapanda mwenyewe macho yamemwiva, akavua mkanda mbele ya msimamizi wao na kusema hashuki tena mpaka atafutiwe mtu mwingine.

"Utapata wapi mwenye nguvu kama yule?" msimamizi akamuuliza.

"Mwenye nguvu simtaki. Nataka mtu ambaye nikifia humu, atakosa pa kuweka uso wake. Niletee shemeji yangu yule anayefagia."

Ndivyo Redio alivyoacha ufagio. Aliajiriwa kwa sababu ya woga wake, na woga huo ameufanyia kazi kwa uaminifu miaka yote.

"Harufu siiogopi," aliniambia siku hiyo. "Ile ya mayai viza ni rafiki yangu. Naogopa ikiisha. Hewa mbaya ikizidi, pua inakufa kwanza. Mtu anadhani pamesafika, kumbe ndiyo inamchukua. Na anayemfuata kumwokoa, inamchukua naye. Kwa hiyo mshika kamba hashuki, hata wa chini awe mwanawe."

Nikauliza bila kufikiri, "Hata awe shemeji?"

Akaacha kukanda goti. "Usiniulize hivyo," akasema, akainuka, tukaondoka.

Basi, mwaka ule idara ikapandisha bei. Bei ya maji ilipanda, na ada ya maji taka, ambayo inahesabiwa kutoka mita ileile, ikapanda nayo. Tuliitwa mkutanoni kwenye uwanja wa shule. Bwana mmoja wa idara, mstaarabu tu, akatueleza kwamba mabomba yetu yalilazwa wazazi wetu wakiwa vijana na sasa yamechakaa. Pesa hizo zitaweka mabomba mapya, na zitanunua gari la kuzibua. Gari lenyewe lina mpira mrefu unaopiga maji kwa nguvu mpaka uchafu wote unaondoka, bila mtu kuingia shimoni.

Watu wakaguna. Fundi cherehani wa mtaani kwetu, ambaye ameshona kila kitu isipokuwa mdomo wake, akasimama.

"Yaani maji nayanunua yakiingia, halafu nayalipia nauli yakitoka! Nimeshamwambia mke wangu, kuanzia leo hata kulia ni kwa kupima."

Uwanja mzima ukacheka. Kicheko kilipotulia tukasikia mtu mmoja anampigia makofi bwana wa idara. Alikuwa Redio.

"Kaa chini wewe! Unakula jasho letu!" wakamzomea.

"Bili yangu nayo imepanda," Redio akajibu, sauti inamtetemeka, maana ukimtoa kwenye shimo lake si mtu wa kusema mbele za watu. "Mimi nalipigia makofi gari."

Hakuna aliyemsikiliza. Walimtania wiki nzima: mwanamke anapigia makofi gari ambalo halijafika.

Mtaa ukaanza kubana maji. Maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa tena, yaliwekwa kwenye madumu na mapipa kwa ajili ya choo. Ya kufulia vilevile. Choo chenyewe kilimwagiwa maji mara moja kwa siku, familia nzima ikishaingia. Sisemi kwamba watu walikosea. Kila mama alikuwa anatetea chungu chake. Lakini chini ya barabara taka zilikosa maji ya kuzisukuma. Zikalala, zikagandamana. Chemba ambazo Chura alikuwa akizishukia kwa nadra, sasa zikawa hazimpi nafasi ya kukausha buti. Kila akitoka anasema humo ndani kumekuwa kuzito kama uji uliolala.

Redio akakonda. Kwenye kikundi chetu, zamu yake ya kuomba ikifika, wenzake tukingoja aombee wagonjwa na wasafiri, yeye anasema, "Gari, ee Mungu," kisha anakaa. Wengine walikuwa wanacheka chini chini. Mimi nilikuwa namwangalia vidole. Hata kwenye sala vilikuwa vimejikunja, kama vimeshika kitu.

Siku yenyewe ilianzia nyumbani kwa Bibi wa Kona, mzee wetu wa nyumba ya mwisho. Choo chake kilirudisha uchafu mpaka sebuleni. Nyumba za jirani zikafuata. Asubuhi jua likiwa limeshachanganya, gari la idara likafika na watu watatu: Redio, Chura na msimamizi, ambaye ndiye dereva pia. Wakafungua chemba iliyo mbele ya nyumba yangu, na nyingine mbili, ya juu yake na ya chini yake, ili zipumue kabla mtu hajashuka. Harufu iliyotoka ilitutoa wote nje, viganja puani.

"Hizo ndizo pesa zetu, zinanuka!" akasema fundi cherehani akiwa mlangoni kwake.

"Zako zingekuwa humu ningezijua, fundi," Chura akamjibu huku anavaa buti. "Za kwako zinakuja na vipande vya vitambaa."

Watu wakacheka, na fundi mwenyewe akacheka, maana ni kweli alikuwa anatupa vitambaa chooni.

Bibi wa Kona akasogea na fimbo yake, akauliza kwa upole, "Mwanangu, humo ndani shida ni nini?"

"Ni maji, bibi. Taka zimekaa kavu. Mngekuwa mnamwaga maji ya kutosha kama zamani, zingekwenda zenyewe."

"Maji tu?"

"Maji tu, bibi yangu."

Bibi akatikisa kichwa, akaondoka polepole. Nilimwona akigonga mlango wa kwanza, akaingia, akatoka, akagonga wa pili. Nilidhani anaomba matambara ya kupangusia sebule yake.

Redio alikagua mkanda wa shemeji yake kifungo kwa kifungo. Akaushika kifuani, akautikisa mpaka Chura akayumba.

"Pua inasemaje?"

"Inanuka vizuri kabisa, shemeji. Niachie niende."

Akashuka. Mimi nilikaa barazani kwangu na ungo wa maharage, nachambua huku nasikiliza. Redio alikuwa anamsemea mambo ya nyumbani, kwamba dada analalamika paa linavuja na fundi wa paa ni yeye Chura, anasubiri nini. "Upo?" Kamba ikavutwa mara mbili. Akaendelea na paa. "Upo?" Mara mbili.

Kisha nikasikia maji.

Kwanza yaliporomoka kwenye nyumba ya kushoto kwangu, halafu ya kulia, halafu ng'ambo ya barabara, halafu kila upande. Yalikuwa yanashuka kwenye mabomba ya kuta kama mvua kubwa, na angani hakuna wingu. Bibi wa Kona alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema, Chura wa watu anataabika kwa kukosa maji, tumsaidieni, kila mtu amwage akiba yake yote sasa hivi. Na wanawake wale wale ambao jana walikuwa wanawasema watu wa idara walimhurumia Chura. Wakabeba madumu, wakainamisha mapipa, wakamwaga kwa moyo mweupe.

Redio aliyasikia kabla yangu. "Shemeji, maji yanakuja! Panda! Panda!" Yale maji yasingetosha kumzamisha mtu. Lakini yaliuchokoa ule uchafu uliolala, na uchafu ukaachia pumzi yake yote, ile hewa mbaya, kwa mkupuo mmoja. Msimamizi naye akaelewa, akakimbilia nyumba za juu akipiga kelele, "Acheni kumwaga! Acheni!"

"Upo? Shemeji, upo?"

Kamba ikavutwa mara moja.

Redio akangoja ya pili. Haikuja. Kamba ikalegea, halafu ikakaza ghafla, uzito umeanguka, ikamburuta hatua moja kwenda shimoni.

Na Redio akanyamaza.

Tangu nimjue nilikuwa sijawahi kumsikia amenyamaza akiwa juu ya chemba. Ungo ulinidondoka. Alikuwa amejizungushia kamba kiunoni, mguu mmoja ameukita kwenye kingo ya chuma, amejitupa nyuma na uzito wake wote, na kamba haikuja. Fundi cherehani akaja mbio anavua shati, maana ni mtu wa mdomo lakini si mwoga, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi. Mikono ya Redio ilikuwa na kazi. Akampiga teke. Mama wa sala yule alimpiga mwanaume teke la goti mpaka akakaa chini.

"Ukishuka unakufa! Shika kamba!"

"Mtu anakufa humo, mama!"

"Najua anakufa! Ni wa kwangu! Shika kamba!"

Fundi akaishika. Lakini wawili hawakuweza, labda buti lilikuwa limenasa, labda ngazi ilimzuia. Hapo nikamwona Redio anaangalia ngazi. Hakuna aliyeona ila mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa namwangalia uso, wengine wanaangalia shimo. Mguu wake uliokita ukaachia kingo, ukaanza kutafuta chuma cha kwanza cha kukanyagia. Alikuwa anamfuata.

Sikumbuki nilivyotoka barazani. Nakumbuka tu nimemkamata ovaroli kwa nyuma kwa mikono miwili na nimekaa chini, kitako ardhini kama mtoto anayekataa kwenda shule, naita, "Ee Mungu, ee Mungu, ee Mungu," na yeye ananivuta. Msimamizi akarudi. Jirani wa ng'ambo akaja. Hata Bibi wa Kona aliushika mkia wa kamba, analia, fimbo ameitupa. Tukavuta sote. Tukasikia kitu kinagonga vyuma chini, kikagonga tena, kila kishindo ni juu kidogo. Nilikuwa naogopa itakachotoa ile kamba kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

Ukatoka mkanda, likatoka bega. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Walimburuta mbali na shimo, upande wa upepo, msimamizi akawa anamgandamiza kifua. Redio alipiga magoti kichwani kwake, na hapo ndipo sauti ilipomrudi. Akaanza kuongea. Paa, shemeji, paa linavuja. Dada anasema vyombo vyote amevitega chini ya matone. Shemeji, upo? Nani atapanda kwenye bati? Upo? Hakulia hata kidogo. Alikuwa anaongea tu, haraka haraka, mkono wake kwenye shingo ya Chura.

Chura akakohoa. Akatapika, akakohoa tena.

Palihitajika maji safi ya kumwosha uso na macho, na katika mtaa mzima hakukuwa na ndoo iliyobaki na kitu. Fundi cherehani akaenda kwake, akafungulia bomba mpaka mwisho na kuleta mpira mpaka barabarani. Maji yalitiririka muda wote tuliokuwa tunangoja gari la wagonjwa. Hakuna aliyemwambia afunge.

Hospitali walimpa hewa ya mtungi. Alikaa huko siku kadhaa, akarudi nyumbani na maumivu ya kichwa. Katikati ya mzaha anasahau neno alilotaka kusema, anakuangalia kama wewe ndiye uliyelichukua. Idara ilisema gari la kuzibua liko kwenye utaratibu. Bei mpya zilibaki palepale.

Siku Chura aliposema yuko tayari kurudi kazini, Redio alinipitia, akaniomba nimsindikize kwa dada yake. Tulimkuta dada anakunja nguo za watoto, Chura kwenye kigoda karibu na mlango.

"Dada, mimi kamba sishiki tena," Redio akasema hata kabla ya kukaa. "Nimekuja kukuambia wewe kwanza, ndipo nimwambie msimamizi."

Dada yake akaendelea kukunja. "Na yeye?"

"Na yeye asishuke."

"Nisishuke tule nini?" Chura akasema. "Nikashone na yule fundi?"

"Nyamaza, shemeji."

"Leo Redio ndiye ananinyamazisha. Basi dunia imefika mwisho."

Dada akaweka nguo chini.

"Mdogo wangu, nimemsihi mpaka nimechoka. Atarudi. Kwa umri huu nani atampa kazi nyingine, na watoto wako darasani? Kwa hiyo la yeye kushuka tuliache. Wewe niambie, ukiacha, kamba atashika nani?"

"Watatafuta mtu."

"Mtu gani?"

Redio akaokota nguo moja ya mtoto, akaanza kuikunja.

"Yule wa simu? Au wa kuokota njiani? Tangu ushike wewe, mimi mchana napika, nafua, naweza hata kusinzia. Mwingine akishika, nitakuwa nimesimama hapo mlangoni mpaka jioni. Siku ile usingekuwa wewe, leo mimi ni mjane. Nawe unakuja kuniambia unaacha."

"Naogopa, dada."

"Ndiyo, ogopa," dada akasema, sasa machozi yanamtoka. "Ogopa, mdogo wangu. Ila ogopa ukiwa umeishika."

Redio akainama kwenye lile rundo la nguo zilizokunjwa, akalia mpaka zikalowa. Chura alikuwa anaangalia nje. Alitaka kusema kitu, nikaona kimempotea.

Siku hizi mifuniko ikifunguliwa mtaani kwetu, Bibi wa Kona anasimama barabarani na fimbo, na ole wake atakayegusa ndoo. Lakini mtaa wetu ni mmoja tu, na chemba ziko mji mzima.

Jumatatu iliyofuata siku ile ya kwa dada yake, Redio alipita mbele ya nyumba yangu anakwenda kazini, kamba begani, goti linamchechemeza. Uso ulikuwa wa mtu asiyelala. Akasimama kwenye ngazi za baraza.

"Mwenzangu, unaniombea?"

"Kila siku."

"Basi ukiona gari letu limesimama hapa, usiingie ndani kuniombea. Kaa hapo nje, uniombee macho wazi. Ukiona tu nimenyamaza, usimalizie sala. Piga kelele, uje unishike kama siku ile."

Nikamwahidi. Akashusha pumzi, akageuka, na kabla hajafika kona nilimsikia ameshaanza kuongea peke yake.